Kengele ya Mti na Mdomo Wangu

Mimi ni mtu aliyejitengeneza mwenyewe, na ninasema hivyo bila haya, maana hakuna mtu wa Baraka atakayesimama kunipinga. Shule niliiacha darasa la nne, kalamu ilikuwa inanishinda uzito. Nikaenda bandarini kubeba magunia ya watu kutoka botini mpaka barabarani. Wenzangu walibeba kimya kama punda. Mimi nilibeba nikisema: nilimsifu mwenye gunia, nikalisifu gunia lenyewe, nikaisifu shingo yangu, na mwenye mali akicheka, kesho yake alinitafuta mimi. Mdomo ulinilisha kabla ya mikono. Leo nina boti mbili za moteri zinazovuka kwenda Ubwari, nina depo ya mizigo yenye bati jipya linalong'aa mpaka wavuvi wanalalamika, na moteri yoyote ikikohoa kati ya Lweba na kijiji cha mwisho cha Ubwari, mimi ndiye ninayeitwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua moteri moja, nikaifunga, skrubu tatu zikabaki nje, ikawaka. Inawaka mpaka leo.

Ninaanza na hayo ili mjue kwamba ninaposema kazi ngumu kuliko zote maishani mwangu ilikuwa kumfanya mbwa mmoja aje alale miguuni pangu, sisemi kama mtu anayeshindwa na vitu vidogo.

Mbwa huyo nilimwona Kilembwe. Nilikuwa nimepanda huko kutafuta maharagwe na mafuta ya mawese, na wakati wa kurudi kamio yetu, lori la mizigo, ikazama matopeni mpaka kwenye milango. Siku tatu tulikaa tukingoja barabara ikauke. Mama mmoja mjane alinipa mkeka kwenye baraza yake. Mumewe alikuwa mwindaji, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamwachia mbwa watatu, na mama yule hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Alichukua nyavu za mumewe akaendelea kuwinda yeye mwenyewe wale panya wakubwa wa matete wanaokula mihogo ya watu. Kijiji kilishangaa mwezi mmoja, halafu kikazoea, halafu kikaanza kumletea chumvi ili awagawie nyama.

Kati ya wale mbwa watatu kulikuwa na mmoja mwekundu, miguu myeupe kama amevaa soksi, mkia umejikunja mgongoni kama konokono, na kipaji cha uso kina mikunjo kama mzee anayesikiliza kesi. Habweki. Mbwa wa kabila lile hawabweki kabisa. Anajisafisha kwa ulimi kama paka, anakutazama, basi. Siku ya kwanza nilimdharau. Mbwa asiyebweka, nikasema, ni sawa na moteri isiyo na sauti: labda imekufa.

Siku ya pili asubuhi mama yule aliniambia kama nina miguu nimfuate. Alikuwa na kengele ya mti mkononi, imechongwa kama kibuyu kidogo, ndani ina vijiti viwili, na ameijaza majani ili isilie njiani. Tulipofika kwenye matete akaitoa majani, akaifunga shingoni mwa yule mwekundu, na hakusema neno. Neno hata moja. Mbwa akaingia.

Sasa sikilizeni. Mbwa humwoni. Matete yamekupita kichwa, hayatikisiki. Lakini unasikia kolo-kolo-kolo inakwenda kushoto, kolo-kolo inapanda, inanyamaza, na moyo wako nao unanyamaza. Halafu kengele inalipuka, kolokolokolokolo, matete yanapasuka kama kitambaa, na mnyama mkubwa kama mtoto wa mbuzi anatoka mbio, anaingia moja kwa moja kwenye wavu, na nyuma yake mbwa anatokea, ulimi nje, anamtazama mama kama mfanyakazi anayeuliza kama kuna kazi nyingine. Nilijikuta nimesimama, nimepiga makofi, kofia yangu iko kwenye matope. Mimi, mtu wa boti mbili. Nilijua palepale kwamba sitashuka Baraka bila mbwa yule.

Nilimwambia aniuzie. Akakataa. Nilimwambia tena wakati wa kula, na wakati anapepeta, na wakati anakwenda mtoni, mimi nyuma yake nikieleza. Mwisho akaweka ndoo chini.

"Baba, hauchokake?"

Nikamwambia sijawahi kuchoka tangu nizaliwe.

"Kwetu imbwa haiuzishwe," akasema. "Hii ilikuwa ya bwana yangu. Imbwa njo inachaguaka muntu. Ule imbwa inalalia mguu, njo mwenye imbwa."

Basi tukapatana hivi, mbele ya shemeji zake. Nitamwachia mbuzi mmoja na gunia la chumvi, siyo bei, heshima tu. Mbwa nitakwenda naye. Baada ya miezi miwili yeye atashuka Baraka na mafuta yake ya mawese, na siku hiyo mbwa atafunguliwa katikati yetu, huku yeye, huku mimi. Akilaza kidevu kwenye mguu wangu, ni wangu mpaka kufa. Akilaza kwa mama, anarudi Kilembwe siku hiyohiyo, na mbuzi wangu amekwisha kuliwa. Nilicheka. Miezi miwili ya nini? Mimi kwa wiki moja nitamfundisha kusoma gazeti.

Akanipa na kengele. Alisema kitu juu ya ile kengele, nakumbuka vizuri kwamba alisema kitu, maana nilisikia neno kengele. Mengine yalinipita, kwa sababu wakati uleule nilikuwa namweleza juu ya bati la depo.

Kamio niliiacha ifuate na mizigo, tukashuka kwa moto, yaani pikipiki, mimi nyuma ya dereva, mbwa ndani ya kikapu kifuani pangu, kichwa nje, na kila mlima tulioteremka alifumba macho kama mlokole anayesali. Kabla ya kuingia Baraka nilisimamisha moto. Nikapangusa viatu. Nikamfunga mbwa kengele shingoni, nikamshusha, maana haiwezekani uwe na kitu kama kile halafu uingie mjini kama mtu aliyebeba kuku. Nilitaka Baraka isikie kwanza, ione baadaye.

Baraka ilisikia. Kengele ilipolia mara ya kwanza, kamba ikanitoka mkononi na mbwa akapotea. Alipita katikati ya bamama wanaouza samaki wadogo wa ndagala, vikapu vinne vikapinduka, akapita chini ya meza ya muuza dawa, akatokea uwanjani kwa jirani yangu, na tulipofika alikuwa amewafukuza bata wote mpaka kwenye kona na anatutazama kwa furaha, akingoja wavu.

Jirani yangu huyo ni mwenye boti kama mimi. Tulibeba magunia pamoja tukiwa vijana, yeye ni Mwislamu wa familia za kale za hapa ziwani, mtu safi, kanzu yake nyeupe siku zote. Alikuwa juu ya kiti, amesimama, kanzu ameishika kwa mikono miwili.

"Ndugu," akaniambia, "hii imbwa ikigusa kanzu yangu, utaifua weye mwenyewe. Mara saba. Na moja na udongo."

Wiki tatu zilizofuata, Mungu ndiye shahidi, nilifanya kila kitu. Kila asubuhi nilimfunga kengele ili watu wamwone anavyopendeza, na kila asubuhi alikimbia. Siku nyingine alikwenda mpaka kwenye vilima vya njia ya Fizi, mimi nyuma juu ya moto nikipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilimpa majina makubwa ili ajisikie: Kapiteni, baadaye Shefu, baadaye Direkteri. Aliyakataa yote. Nilisikia kwamba mbwa wa Wazungu wanaelewa Kifaransa, nikamwambia "viyenisi" na "asi," yaani njoo hapa na kaa, kile Kifaransa cha darasa la nne, akanitazama kwa ile mikunjo ya kipaji, na watu waliokuwa karibu walianguka chini kwa kucheka. Nilimpa samaki mzima, mukebuka mnono ambao waziri angeula, akaunusa, akachimba shimo, akauzika. Ziwa lenyewe alilichukia. Wimbi dogo likimgusa mguu, aliuinua na kuutikisa kama mtu aliyekanyaga uchafu. Mbwa wa mwenye boti, na maji hataki kuyaona.

Bandarini walianza kuniuliza kila asubuhi kama leo mbwa wangu ameniita. Mama watoto ndiye aliyenimaliza. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, hakuinua hata macho.

"Ile imbwa iko na akili," akasema. "Hata miye ningekimbia zamani, ila hakukuwa muntu wa kunifunga kengele."

Niliposikia hivyo nikachukua simu. Mama wa Kilembwe inabidi apande kilima ili apate rezo ya simu, kwa hiyo nilimpata siku ya pili. Nikamwambia wazi kwamba alinipa mbwa mbovu. Akaniuliza swali moja tu, kama ile kengele ninamfunga.

Kila siku, nikasema, inapendeza sana.

Alicheka mpaka nikadhani simu imeharibika. Halafu akasema polepole, kama unavyosema na mtoto:

"Kengele ni kazi. Ukiifunga, unaambia imbwa: enda mbali, tafuta. Ukiifungua, unaiambia: rudia, kula, lala. We kila asubui unafukuza imbwa yako mwenyewe, kisha unalia imekimbia."

"Mama, hukuniambia."

"Nilikuambia, patron. Wewe ulikuwa mu bati ya depo."

Nilikata simu nikakaa chini. Wiki tatu nilikuwa namwamuru mbwa wangu anikimbie, na yeye ananitii, kila asubuhi, bila kukosa, mtumishi mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwa nao! Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nikamfungua kengele, nikaitundika kwenye msumari ndani ya depo. Mbwa akazunguka mara tatu, akalala mlangoni. Siku ile hakwenda popote.

Lakini kulala mlangoni siyo kulala mguuni. Nilimwita, hakuja. Nilimkaribia, alisogea, hatua mbili, tatu, siku zote hatua zilezile, kama mtu aliyepima. Na siku zilikuwa zinakwenda.

Sasa nafika kwenye kitu ambacho nikikikumbuka hata leo ngozi yangu inasisimka.

Boti yangu kubwa ilikuwa imevutwa mchangani na moteri yake nimeifungua. Wanaofanya kazi hii wanajua: ukifungua moteri ufukweni, ukaweka nati kwenye mchanga, hutaiona tena. Kwa hiyo mimi naziweka mdomoni. Nati nne, tano, na buji moja, ile plagi ya kuwashia, kati ya meno. Ni wakati pekee ambapo nanyamaza, na mke wangu amewahi kusema kwamba Mungu aliumba moteri kwa ajili yake yeye. Nilikaa hivyo muda mrefu, jua linapanda, mikono ina mafuta, hakuna neno. Nikasikia uzito mdogo juu ya mguu wangu wa kushoto. Nikadhani ni kitambaa. Kitambaa kikapumua.

Nikateremsha macho bila kuteremsha kichwa. Kidevu chake kiko juu ya kidole changu kikubwa. Macho amefumba nusu. Damu ilinipanda mpaka masikioni, nilitaka kuita Baraka nzima, nikafungua mdomo kusema "Eeh," nati mbili zikaanguka, na mbwa tayari yuko hatua tatu mbali.

Nikaokota nati. Nikazirudisha mdomoni na mchanga wake. Nikateremsha mkono, kiganja juu ya mchanga, nikaendelea na moteri kwa mkono mmoja kama hakuna kilichotokea, na moyo wangu unapiga kama moteri ya nguvu za farasi arobaini. Nilihesabu mawimbi. Yalipita mengi. Halafu pua baridi ikagusa kiganja, na kidevu kikarudi mahali pake.

Toka siku ile tulikuwa watu wawili wengine. Kila asubuhi niliweka nati moja mdomoni, nikakaa kando ya boti, nikaweka mkono chini. Akaja. Baadaye nilikaa karibu na maji, akaja. Baadaye nilikaa ndani ya maji mpaka kiunoni na suruali yangu nzuri, akalia kidogo ile sauti yao, siyo kubweka, ni kama mlango unaoimba, akainua mguu, akautikisa, akauweka majini, akaja. Nilimfundisha kwamba nikigonga ubao wa boti mara mbili, aruke ndani. Siku aliporuka mara ya kwanza, miguu minne hewani, mkia umejikunja, akatua mbele kabisa kwenye pua ya boti na kugeuka kunitazama, nilimeza ile nati. Kweli niliimeza. Nilichukua nyingine.

Tukavuka naye Ubwari. Alisimama mbele, masikio juu, maji yanamrukia usoni na yeye anayalamba kama aliyezaliwa humo. Kule watu walitoka nje kumwona, maana mbwa aliyesimama kwenye pua ya boti kama amiri walikuwa hawajamwona. Nikashuka, nikagonga ubao, akashuka. Nikaweka mkono chini, akaja. Hakuna kamba.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la pili, na hili la pili ni langu lote, hakuna kengele ya kusingizia. Watu waliniuliza nimemfundishaje. Mtu mkubwa huwezi kuwaambia kwamba unaweka nati mdomoni na kunyamaza. Nikawaambia ni sauti. Nikawaambia mimi nikiita mara moja tu, kwa sauti hii mnayoijua, mbwa anakuja hata kama yuko Fizi. Niliyasema Ubwari, nikayasema Lweba, nikayasema sokoni Baraka. Nati aliijua mke wangu peke yake.

Miezi miwili ikatimia. Mama akashuka, siku ya soko, juu ya moto, bidoni nne, madumu ya mafuta, zimefungwa nyuma yake. Nilikuwa nimevaa koti. Alipoteremka tu, mbwa alimwona, na mwili mzima ukatikisika, akamzunguka akiimba ile sauti yake, akamrukia mpaka kwenye mabega. Kwangu hakuwahi kuruka hivyo. Mama alimshika masikio, akainama, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamelowa, na nikaelewa kwamba hakushuka Baraka kwa ajili ya mafuta.

Akaniomba kengele. Nikaitoa kwenye msumari nikampa. Akanieleza mbele ya watu wote: "Wewe uko na mudomo, miye niko na kengele. Tuone."

Jirani yangu ndiye aliyekuwa mwamuzi, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, yeye peke yake hapo hakuwa na tamaa na mbwa yule. Alichora mstari mchangani kwa kafi, kanzu ameikunja mkononi. Mama alisimama upande wa vichanja vya ndagala, mimi upande wa boti, na mke wangu akamshika mbwa katikati. Baraka yote ilikuwa pale. Waliopanda juu ya boti, waliopanda juu ya vichanja, bamama na mabeseni yao kichwani. Jirani akatangaza sheria: anayelaliwa mguu ndiye mwenye mbwa, na hakuna kumgusa kabla hajalala. Mke wangu akaachia.

Niliita. Mungu wangu, niliita kwa sauti ambayo ilinitoa kwenye magunia ikanipa boti mbili. Direkteri, Kapiteni, viyenisi, nilivimimina vyote. Watu walicheka, wakaniitikia, wengine wakaita pamoja nami, kelele ikawa kama gari la harusi. Mbwa alinitazama, akarudisha masikio nyuma.

Upande wa pili mama akatikisa mkono mara moja. Kolo-kolo.

Mbwa akageuka, akaenda kwake. Hakukimbia, alitembea, kichwa juu, moja kwa moja, na kila hatua niliisikia kwenye kifua changu. Alifika mbele yake, akasimama, akanyoosha shingo. Niliona kila kitu kwa macho ya kesho: kikapu juu ya moto, kile kichwa chekundu kinapanda mlima, pua ya boti yangu iko tupu. Niliita tena, na sauti ikavunjika katikati kama ya kijana anayebalehe. Watu wakapiga miluzi. Mmoja akasema patron amekwisha moto.

Mama watoto alikuja karibu yangu. Hakucheka. Mimi nilingoja dhihaka, na yeye akaniambia chini chini:

"Baba, mbona unaita? Weka nati."

"Batu bananiona," nikamwambia.

"Bakuone."

Nilitia mkono mfukoni. Ilikuwapo. Nikalivua koti, nikaiweka nati mdomoni, nikakaa mchangani mbele ya watu wote wanaonijua tangu nabeba magunia, nikateremsha mkono, kiganja juu ya mchanga.

Kwanza walicheka zaidi. Mtu aliuliza kwa sauti kama patron amekula mchanga, mwingine akataka nijibu, na mimi nilikuwa na majibu sita mazuri, nayakumbuka hata leo, nayasikia yakigonga ile nati kwa ndani. Sikujibu. Mtu usipomjibu, anachoka. Kicheko kikapungua, kikawa minong'ono, kikawa mawimbi tu.

Mbwa alikuwa bado amenyoosha shingo kwa mama, anangoja afungwe kazi. Alingoja kazi, hakulala. Sikio moja likageuka. Likakaa limegeuka hivyo muda ambao ningeweza kufungua moteri nzima. Mama alikuwa ameshika kengele kwenye kifua, na hakuitikisa tena. Angeweza kuitikisa, sheria ilimruhusu. Hakuitikisa.

Mbwa akageuza kichwa, halafu mabega, halafu akaja mbio, mchanga unaruka nyuma yake, akaruka mstari wa jirani yangu, akapunguza mwendo hatua tatu kabla, kama kawaida yake, akanusa kiganja, akazunguka mara tatu, na akalaza kidevu kwenye mguu wangu wa kushoto.

Baraka ililipuka. Jirani yangu alitupa kafi juu, akapiga kelele kwamba imekwisha, akanikumbatia, na akakumbuka amechelewa, kanzu tayari iko juu ya mgongo wa mbwa. Niliifua mara saba, na moja na udongo, siku hiyohiyo, na yeye amesimama akihesabu.

Lakini kabla ya hapo mama alikuja, akachuchumaa mbele yetu. Hakumgusa mbwa. Alimtazama alivyolala.

"Kwa mguu ya bwana yangu alikuwa analalaka vilevile," akasema. "Bwana yangu hakukuwa muntu wa kusema. Siku mingine juma ilikuwa inaisha, hatujasikia sauti yake. Miye nilizani weye hautaweza."

Nilimtazama tu. Nati ilikuwa mdomoni.

"Imbwa ni yako. Kengele ya bwana yangu narudia nayo."

Nikakubali kwa kichwa. Alisimama, akaenda mpaka kwenye majani yanayoota nyuma ya vichanja, akachuma, akayasokota, akaijaza ile kengele majani mpaka ndani, akaibana kwa kidole gumba, akaitikisa karibu na sikio lake kuhakikisha. Haikutoa sauti. Akaiweka kwenye kitenge chake kifuani, akapanda moto, mafuta yake yamekwisha kununuliwa na bamama wa sokoni, na bidoni tupu nyuma yake zikaanza kugongana njiani kuelekea Fizi. Mbwa aliinua kichwa. Alitazama vumbi lile kwa ile mikunjo yake ya kesi. Sikusogeza hata kidole. Vumbi likashuka, naye akarudisha kidevu mahali pake.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba kwa ajili ya siku ile. Hotuba ndefu, yenye magunia ndani yake, na darasa la nne, na zile skrubu tatu. Nimeitoa mara nyingi baadaye, Lweba wameisikia, Ubwari wanaijua kwa moyo na wengine wananikatiza ili waimalize wao. Siku ile ufukweni watu wote walikuwa wamenizunguka, wananiambia sema, patron, sema sasa, na mimi nilikaa na nati yangu mdomoni mpaka jua likanichoma shingo, kwa sababu mbwa alikuwa amelala.